Jino la Kushoto la Niko Upepo

Siku ya kuniaga, nyie wa maabara mliniomba niwaandikie chochote kuhusu miaka yangu ya kazi, na mie kwa kuwa nilikuwa nimeshiba pilau lenu nikakubali. Sasa nimekaa kibarazani kwangu Mtoni, sina pa kukimbilia. Midomo yangu imevimba kidogo kwa sababu nitakayoieleza mbele, lakini mikono mizima. Habari ya vyeo sitaigusa. Vilikuja vichache, na vilipofika nilikuwa nimeshaacha kuvisubiri. Nitaeleza kazi, na nitaeleza habari ya Niko Upepo, maana nusu yenu mliisikilizia mlangoni na nusu nyingine mkaitia chumvi.

Mie ni mtoto wa Temeke, Mzaramo, baba yangu alikuwa kuli bandarini. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ukumbi wa muziki wa dansi. Jumapili mchana palikuwa na bugi, dansi la mapema ambalo hata wanafunzi waliruhusiwa kuingia, ilimradi wawe na kiingilio. Sie wa nyuma ya ukumbi hatukuwa nacho na wala hatukukihitaji. Ukuta wa nyuma ulijengwa kwa matofali ya matundu, ya kupitisha hewa, na mie nilikuwa na tundu langu ambalo mtoto mwingine akiliwekea jicho tulikuwa tunapigana. Wenzangu walitazama wacheza shoo. Mie nilitazama tarumbeta.

Mpigaji aliitwa Nikodemu, lakini mji mzima ulimjua kwa jina la Niko Upepo. Bendi yake siitaji, waliobaki watadai nimewasahau. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, na tarumbeta hakuiweka katikati ya mdomo kama watu wote. Aliiegemeza kushoto, basi uso wake ukawa kama wa mtu anayecheka nusu. Na mwisho wa kila kipande alichopiga peke yake kulikuwa na pumzi. Sijui niiiteje vizuri zaidi ya hapo. Sauti ilikuwa inafika mwisho lakini haikatiki, inavutika, inaingia upepo ndani yake, kama mtu aliyetaka kusema neno halafu akaghairi. Watu wazima walikuwa wakiacha kutafuna kuisubiri hiyo pumzi. Redioni ilisikika vilevile.

Basi mie nikataka kupiga tarumbeta. Nilipata kipande cha mpira wa maji, nikachomeka faneli ya mafuta ya taa upande mmoja, nikawa napuliza uani. Msicheke. Mpira na faneli vinatoa sauti ya tarumbeta kabisa ukijua kubana midomo, jaribuni muone. Nilijifunza nyimbo tatu nzima. Mama akachoka. "Zuhura," akasema, "mtoto wa kike unapuliza mpira wa maji kutwa kucha, huyo mume atakayekuja atakukuta umevimba midomo." Mama hakunikatisha tamaa, naomba ieleweke, mama nilimzoea. Kilichonishinda ni ile pumzi. Mengine yote niliyaiga, lile la mwisho likanikatalia. Nilibana, nikalegeza, nikapinda mdomo mpaka shavu likauma, haikutoka hata siku moja. Nikaona wazi kwamba kipaji sina. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nililia kama niliyefiwa. Halafu nikaenda kusomea ufundi wa meno ya bandia, kwa sababu ndiyo nafasi iliyotoka.

Siku ya kwanza hospitalini nilikwenda na viatu vya visigino. Mwalimu wangu, marehemu Mzee Ulimboka, Mnyakyusa wa Tukuyu, alivitazama viatu, akaitazama sakafu iliyotapakaa plasta, akasema, "Karibu sana. Kesho uje na ndala." Akanipa kipande cha mche wa sabuni ya kufulia na kisu, akaniambia nichonge jino la mbele la juu, ukubwa wa kidole gumba. Nilichonga asubuhi nzima. Akaligeuzageuza mkononi. "Hiki ni kiazi," akasema. "Kiazi kizuri, lakini kiazi." Wiki ile nzima nilichonga sabuni, na nyumbani tukafulia meno.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini naiandika kwa ajili ya watakaokuja baada yenu, maana mashine zenu mpya zitawafanya wadhani ilianzia kwenye kompyuta. Daktari huko mbele anachukua alama ya kinywa cha mgonjwa. Sie huku nyuma tunamimina plasta, tunapata taya. Juu ya taya tunajenga ufizi wa nta, tunapanga meno kwenye nta, mgonjwa anajaribu. Akiridhika ndipo nta inayeyushwa, inawekwa plastiki, inapikwa, inasuguliwa. Kisu cha nta na taa ya spiriti, hivyo ndivyo vilikuwa mikono yangu. Kisu nimeondoka nacho. Mkikitafuta, kipo hapa.

Mzee Ulimboka alikuwa mkali wa mambo mawili. La kwanza, fundi hamfuati mgonjwa huko mbele. "Wenzetu wanawajua watu kwa sura," alikuwa akisema, "sisi tunawajua kwa taya, na taya halina makuu." La pili, usimuulize mtu kama meno yake ni mazuri, kila mtu atasema mazuri, ana haya. Muulize neno moja tu: "Yamekaa?" Na meno yaliyokaa alikuwa na namna yake ya kuyatambua. Mtu ambaye meno yake yamekaa, alisema, anasahau kama anayo. Ukimuona anayafikiria, rudi mezani.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mzee mmoja wa Yombo alituletea meno ya kaka yake marehemu, kayaosha vizuri na kuyafunga kwenye leso, anaomba tuyapunguze kidogo yamtoshe yeye. Alikuwa anasikitika kuyazika mazima. "Mzee wangu," Ulimboka akamwambia, "meno hayaazimwi, hata ndugu kwa ndugu." Mzee akaondoka amenuna, na sie tukaona tumesema kweli. Kulikuwa pia na mhubiri wa Ukonga ambaye meno yake mapya yalipiga mluzi kila akitamka "msamaha", waumini wakawa wanacheka wakati wa toba. Yule alinisumbua. Nilikwangua nyuma ya meno ya mbele kidogokidogo, anakwenda, anahubiri, anarudi, mpaka nikajifunza njia ya upepo kinywani, unapita wapi na unaminywa wapi. Sikujua kama somo lile nitakuja kulihitaji.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, daktari wetu alichungulia maabara. "Bi Zuhura, nina mgonjwa ana ombi la ajabu. Miezi mitatu iliyopita nilimng'oa meno yote ya juu yaliyobaki, sukari ilishamaliza ufizi. Anataka meno ya kupulizia."

"Kupulizia nini, jiko?"

"Tarumbeta."

Nilivunja sheria ya marehemu, nikatoka nje. Kwenye benchi alikaa mzee wa miaka sabini na kitu, suti ya zamani iliyopigwa pasi, kisanduku cheusi mapajani. Sura sikuitambua hata kidogo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani kama ya yeyote asiye na meno. Lakini wapiga tarumbeta wa muda mrefu wana alama mdomoni, duara hafifu pale chombo kinapokaa. La huyu halikuwa katikati. Lilikuwa kushoto. Nikashika mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Wewe ni Niko Upepo."

"Nilikuwa," akasema. "Sasa hivi umebaki upepo mtupu."

Nikamwambia habari ya ukuta wa nyuma na tundu langu. Nilitegemea, sijui, labda ataguswa. Akatikisa kichwa. "Ule ukuta bwana. Kila ninakokwenda nakutana na mtu aliyesimama nyuma yake. Mngekuwa mnaingia ndani, bendi ingekuwepo hadi leo." Ilikuwa kweli.

Pembeni yake alikaa binti yake wa mwisho, Eliwaza, karani wa kampuni ya kutoa mizigo huko Kurasini, anayeongea huku mkono uko mdomoni. Yeye ndiye aliyemleta baba, na mwenyewe alikuwa na ahadi na daktari Jumanne ya wiki ya mwisho ya mwezi. Anaolewa, send-off yake, sherehe ya kuagwa na kwao, ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kulikuwa na jino alilotaka lisagwe na kuvishwa kofia ili picha zitoke vizuri. Hilo wakati ule halikunihusu.

Mzee Nikodemu alinieleza shida yake bila kuzunguka. Alikuwa na watoto wanne. Watatu waliolewa na kuoa yeye akiwa safarini na bendi, au akiwa jukwaani kwenye harusi ya mtu mwingine. "Nimepiga harusi za watu mpaka nimechoka. Za wanangu sikupiga hata moja. Mama yao alikuwa ananitetea, naye ameshatangulia. Amebaki huyu. Nilimuahidi nitamtoa kwa tarumbeta yangu, na meno yakaamua kunitoka mwaka huohuo."

"Mimi nimemwambia aache tu," Eliwaza akasema. "Wapo vijana wa matarumbeta, tunawakodi."

"Kukodi mtakodi. Mimi ni baba yako."

Eliwaza akanigeukia mie. "Mama, sisi baba tulimjua kwa redio. Mama alikuwa anaongeza sauti, anatuita wote sebuleni, anasema subirini, subirini. Ikifika ile pumzi ya mwisho anasema, 'Huyo. Huyo ndiye baba yenu.' Halafu anazima, tunakwenda kula."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetoa anuani ya kwao. Baba yake alitazama kisanduku chake. Nikarudi ndani nikawasha taa ya spiriti.

Hapo nikafanya kosa ambalo fundi wa meno peke yake ndiye anaweza kulifanya: nilimheshimu mgonjwa. Kwa taya lile nilitoa ufundi wangu wote. Nilichagua meno mwenyewe, moja moja, rangi ya mtu aliyezeeka vizuri, nikayapanga yakakaa sawa kama askari wa gwaride. Nyie wenyewe mlikuja kuyaangalia mkasema, mama, haya ungejiwekea wewe. Mzee akavaa, akajiangalia kwenye kioo, akala muhogo wa kuchoma pale pale kwenye benchi. Nikamuuliza kama yamekaa. Akasema kwa muhogo yamekaa. Kisha akafungua kisanduku.

Tulifunga mlango wa maabara. Alipiga kipande kifupi, nikakitambua kwa sauti ya kwanza, nikasahau umri wangu. Tarumbeta ilitoka safi, imenyooka, haina kosa. Akafika mwisho. Sauti ikakatika, kwisha, kama mtu aliyefunga dirisha. Akajaribu tena, ikakatika tena. Akaiteremsha tarumbeta.

"Haitoki," akasema. "Umenifunga mlango."

"Nimekufunga vipi? Hewa inapita."

"Inapita vizuri mno. Bi Zuhura, mimi nilikuwa na jino limekaa upande. Nililigonga utotoni misheni, nilianguka na ngazi, likageuka. Mwalimu wa bendi alikuwa ananipiga kila siku, unavujisha hewa, unavujisha hewa. Nikashindwa kuizuia. Basi nikaiacha ivuje mwishoni, pale ambapo haiharibu wimbo. Kosa ukilirudia kila siku, mama, watu wanaliita mtindo."

Naomba mnielewe hapa. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Nilikaa kwenye kiti changu, nikapandwa na hasira. Miezi na miezi ya mpira wa maji. Mashavu kuuma. Kujilaza kitandani nikisema Mungu hakunipa. Kumbe ni jino! Mie meno yangu yamenyooka kama mahindi ya mbegu, ile pumzi nisingeitoa hata ningepuliza mpaka Kiyama.

Nikamwambia yote, na sikuyasema kwa upole. Mzee Nikodemu alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta tarumbeta kwa leso, akanipa. "Hebu."

Nilipuliza. Midomo haisahau, ndiyo niliyojifunza siku ile. Nilipiga mwanzo wa wimbo mmoja kati ya zile tatu, ikakwama katikati, lakini ilikuwa muziki. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Ungeweza," akasema.

Neno hilo liliniuma kuliko angesema sina kitu. Akaona. "Na mapafu bado unayo," akaongeza. "Ukistaafu njoo Manzese, nafundisha vijana nyuma ya karakana ya seremala. Sasa hivi nitengenezee jino langu."

Shida ilikuwa jino lenyewe. Meno halisi yalikuwa yameng'olewa na kutupwa, na mtu hayajui meno yake. Nilimuuliza lilielekea wapi, akasema kushoto, akaweka kidole kwenye ufizi, akasema au ngoja, lilizunguka hivi, akazungusha upande wa pili. Nikamwambia alete picha. Alileta bahasha nzima. Katika picha zote, mpiga tarumbeta ameiweka tarumbeta mdomoni. Katika chache ambazo hakuiweka, amefunga mdomo kwa madaha ya enzi zile. Kushoto nilikuwa na hakika, nililitazama nusu ya utoto wangu kupitia tofali. Lakini limegeuka kiasi gani, limeingia ndani au limetoka nje, tundu la tofali haliwezi kukuambia hayo. Na hapa ni upana wa karatasi tu unaotofautisha pumzi na mluzi wa mhubiri. Nilijaribu kwenye nta mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia anasikika kama birika.

"Basi tuache," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na hilo lilinitisha zaidi. Zilikuwa zimebaki siku chache. Jumanne, siku ya ahadi ya Eliwaza, ilikuwa kesho yake.

Eliwaza alikuwa amekuja kumchukua baba yake, kasimama mlangoni na chupa ya maji. Aliposikia neno birika kicheko kikamtoka kabla mkono haujafika mdomoni.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Mama?"

"Toa mkono. Cheka tena."

Hakuna mtu anayecheka akiambiwa acheke. Alionyesha meno tu, kwa aibu, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Jino la mbele la kushoto lilikuwa limegeuka, ukingo wake mmoja ndani, mwingine nje, umemlalia jirani. Nikamgeukia baba yake.

"Mzee, ulisema ulianguka na ngazi."

"Nilianguka."

"Na huyu naye alianguka na ngazi?"

Mzee Nikodemu akamsogelea mwanawe, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Alitazama muda mrefu mtu ambaye alikuwa amemwita mwanawe miaka thelathini. "Mama yangu alikuwa nalo," akasema polepole. "Mama yangu mzazi. Jamani. Ngazi ilikuta limeshageuka."

"Hilo ndilo naenda kusagisha kesho," Eliwaza akasema. "Shuleni waliniita mlango wazi."

Nikamweleza kwamba jino la namna ile ndilo lililokuwa linatoa ile pumzi. Nilimueleza kwa kifundi, upepo unapita hapa, unaminywa pale, maana sikutaka kumshawishi mtu juu ya uso wake mwenyewe. Harusi ni yake na picha ni zake. Nilichoomba ni alama tu, nipate plasta yake kabla daktari hajagusa. Alikaa kwenye kiti, akang'ata ule unga wa kuchukulia alama, unaonukia minti, na machozi yakawa yanamtoka. Daktari akadhani nimemuumiza. Jumanne hakutokea kwenye ahadi yake, na hakuna aliyemuuliza.

Nikaweka mataya mawili ubavu kwa ubavu, la baba tupu na la binti limejaa, nikaanza kupanga upya. Hapo ndipo mlipochungulia mlangoni mkanikuta naharibu kazi nzuri. Mmoja wenu, sitamtaja, alisema kwa sauti ya chini, "Mama macho yameanza kuchoka, tumuhamishie meza yenye taa." Nilisikia. Nilikuwa nageuza jino la mtu kwa ncha ya kisu, nataka lipinde vilevile lilivyopindishwa na bibi ambaye sikuwahi kumuona, na sikuwa na nafasi ya kujibizana na watoto. Nilimkumbuka Mzee Ulimboka na yule mzee wa Yombo. Meno hayaazimwi, hata ndugu kwa ndugu. Nikamwomba marehemu radhi nikaendelea.

Meno yalitoka kwenye maji ya moto Alhamisi. Nilikwangua nyuma kama nilivyofanya kwa mhubiri. Mzee akavaa, akala kipande cha muhogo, akapiga. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ikatulia. Kila alipokaribia mwisho wa kipande aliishusha tarumbeta.

"Malizia basi, nijue," nikamwambia.

"Hiyo ni ya Jumamosi."

"Mzee, na isipotoka?"

"Isipotoka itakuwa haikutoka mbele ya wenyewe."

Nilikasirika tena, lakini nilimuelewa. Alikuwa anaogopa kama mie.

Send-off ilikuwa ukumbini, Ukonga. Nilivaa gauni la kitenge, nikapewa meza ya nyuma pamoja na shangazi wawili waliokuwa wanalalamikia wali. MC alipiga kelele masaa kadhaa kama kawaida yao. Vijana wa matarumbeta walikuwa wamekodiwa kweli, wamevaa fulana za njano. Meza ya mbele walikaa wale watoto watatu wakubwa wa Mzee Nikodemu, watu wazima wenye familia zao, wamekaa na heshima ya mtu anayesubiri mgeni rasmi.

Wakati wa kumuingiza bibi harusi vijana wakanyamaza. Mzee akasimama mlangoni na suti yake, Eliwaza nyuma yake na wapambe, leso imekaa mdomoni kama kawaida. Akaegemeza tarumbeta kushoto, akaanza kutembea. Alipiga wimbo wa zamani, ule wa mwisho kati ya zile tatu zangu. Wazee wachache wakaanza kugeuka kwenye viti. Mie sikuweza kutazama kitu kingine zaidi ya mdomo wake. Nilikuwa nimeshika meza.

Akafika katikati ya ukumbi, akafika mwisho wa kipande. Sauti haikukatika. Ilivutika, ikaingia upepo, ikawa inataka kusema neno, ikaghairi. Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Nilikuwa na miaka kumi na saba na jicho langu liko kwenye tofali, na nilikuwa nalia waziwazi mbele ya shangazi za watu.

Katika ule ukimya Eliwaza alisema neno moja, halikuwa la kutangaza, lilimtoka tu: "Huyo."

Kaka yake mkubwa, pale meza ya mbele, akafunika uso kwa viganja. Dada zake wakaanza kucheka na kulia. Na Eliwaza akacheka, leso imeanguka chini na hakuna aliyeiokota, mpigapicha akapiga picha mfululizo. Baba yake akashusha tarumbeta akamcheka naye. Nilikuwa mtu pekee ukumbini aliyekuwa anahesabu makosa, na nawaambia meno yao yalilingana mpaka kwenye kivuli.

Siku hizi Jumanne nakwenda Manzese, nyuma ya karakana ya seremala. Ndiyo maana ya hii midomo. Nimezungukwa na vijana wanaoniita bibi, na ile pumzi sitakuja kuitoa, najua sababu, nimetulia. Taya la plasta la Eliwaza liko kabati la juu, mkono wa kulia. Asilitupe mtu.

Usiku ule wa send-off, baada ya keki, Mzee Nikodemu alikuja mezani kwangu, jasho linamtiririka, kashika sahani ya nyama ya mbuzi anatafuna. Nikamuuliza nilivyofundishwa kuuliza.

"Yamekaa, mzee?"

Akanitazama kama aliyeulizwa habari za mtu mwingine. Akapeleka ulimi kwenye jino la kushoto.

"Loo," akasema. "Nilisahau kama ninayo."